Darubini inazimika usiku wa manane: ninunue betri gani?

Swali

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mpenzi wa anga. Ninapiga picha za nyota kwa darubini iliyokaa juu ya mtambo wenye mota, ule unaoifuata nyota polepole kadiri dunia inavyozunguka. Nyumbani mwanga wa taa umeua giza, kwa hiyo picha nzuri ninazipata nikienda mbali, mahali pasipo na nguzo ya umeme wala nyumba. Huko ndiko taabu yangu iliko.

Vyombo vyangu ni hivi: mtambo wa volti 12, mikanda miwili ya joto ya kuzuia umande usitue kwenye lenzi (mmoja wa darubini kubwa, mwingine wa ile ndogo ya kuongozea), kamera, na laptopu inayoendesha kila kitu. Mtambo na mikanda navitilia umeme kwa betri ya gari niliyoinunua pembeni. Betri inakaa chini ya meza, na waya mwembamba wa mita nne hivi unatoka hapo hadi kwenye darubini, kwa ile plagi ya kuchomeka kwenye tundu la kiberiti cha gari. Laptopu inakula betri yake yenyewe na huzimika kabla usiku haujafika katikati.

Saa za mwanzo mambo huwa shwari. Baadaye, nikiamuru darubini igeukie upande mwingine wa anga, mota inaanza kulia kwa sauti nzito, taa nyekundu ya mtambo inapepesa, kisha mtambo unajizima na kujiwasha upya. Ukishafanya hivyo umesahau ulikuwa unatazama wapi, nami nalazimika kuupanga tena kwa nyota tangu mwanzo. Cha ajabu, asubuhi nikiipima betri nakuta volti 12.4. Wenzangu wanasema imekufa, ninunue nyingine.

Nimewekewa mezani mapendekezo matatu: pawabenki kubwa iliyoandikwa 30,000 mAh, betri kavu ya volti 12 ya ampea-saa 40, na lile sanduku la umeme lenye soketi kama za ukutani, matundu ya USB na kioo kinachoonyesha chaji. Mwingine ananiambia niachane na yote hayo, nichomeke kwenye betri ya gari ninalosafiria. Siogopi kushika bisibisi, ila nataka kununua mara moja tu. Nichague lipi?

Mpenda Nyota

Jibu

Marahaba, Mpenda Nyota.

Nimefurahi kwamba una mita na unaitumia, maana hiyo 12.4 uliyoiandika karibu kwa kupita ndiyo iliyobeba nusu ya jibu lako. Betri ya risasi ya volti 12 ikiwa imejaa na imetulia husoma 12.7 hivi. Ikisoma 12.4 bado ina kama robo tatu ya chaji. Kwa hiyo umeme ulikuwapo usiku kucha, ila haukuwa unafika kwenye mtambo kwa nguvu inayotakiwa. Ninashuku waya na plagi kabla ya kuishuku betri, na ukinunua betri mpya ukaifunga kwa waya uleule, kuna hatari kubwa ugonjwa ukarudi.

Tuufanyie hesabu. Mtambo wa aina yako ukifuata nyota tu hula nusu ampea hadi ampea moja. Ukigeuka kwa kasi hupanda hadi mbili au tatu. Mikanda ya joto ikiwa imewashwa inaongeza ampea moja na kitu. Tuseme jumla ni ampea 4. Waya mwembamba wa milimita za mraba 0.5 una ukinzani wa karibu omu 0.035 kwa kila mita, na umeme hupita njia ya kwenda na ya kurudi, kwa hiyo mita zako nne ni mita nane. Hapo volti moja nzima na ushee inapotelea njiani. Betri iliyokwisha kufanya kazi kwa saa kadhaa, ikiwa imebebeshwa mzigo, itakuwa kwenye 12.1 hivi. Toa hiyo moja, unabaki na 11. Na bado hatujaigusa plagi ya tundu la kiberiti, ambayo haikuundwa kwa kazi ya kutulia usiku kucha: imeshikiliwa na springi, darubini ikizunguka na kuvuta waya inalegea kidogo, na inachukua sehemu yake ya volti. Mitambo mingi huanza kuyumba ikishuka chini ya volti 11. Hiyo sauti nzito ya mota na taa inayopepesa ni dalili ya volti kushuka. Hata lile la kuwa shwari mwanzoni lina maelezo: jioni betri imejaa, na umande haujaanza, bila shaka mikanda hujaiwasha.

Usinisadiki kwa maneno. Usiku mmoja, ukiwa hata uani kwako, washa kila kitu pamoja na mikanda, uamuru darubini izunguke, na wakati inazunguka pima mahali pawili: kwanza kwenye vichwa vya betri, kisha mwisho wa waya pale unapoingia kwenye mtambo. Ikiwa kwenye vichwa vya betri unasoma 12 na zaidi lakini kwenye mtambo 11 au chini yake, mwizi ni waya. Ikiwa hata vichwa vya betri vyenyewe vinaporomoka, basi wenzako wana haki, betri imechoka kwa ndani. Betri ya namna hiyo inaweza kusoma vizuri ikiwa imetulia na kuanguka mara tu inapobebeshwa mzigo.

Waya wa milimita za mraba 2.5 kwa urefu uleule utapoteza chini ya robo volti. Ufupishe pia ukiweza: betri isogee hadi chini ya tripodi, si chini ya meza. Na ile plagi ya kiberiti iondoke kabisa. Weka viunganishi vya Anderson Powerpole (plagi ndogo bapa zinazobanana zenyewe kwa zenyewe), au vya kukaza kwa skrubu, vile ambavyo havilegei waya ukitikisika.

Sasa betri yenyewe. Watu wengi huanza kwa kuuliza kubwa kiasi gani, kisha wanasoma ampea-saa kwenye lebo na kulinganisha kitu kisicholinganika. Kipimo cha haki ni wati-saa: volti mara ampea-saa. Nimekukadiria usiku wa saa nane. Mtambo, ukichanganya kufuata na kugeuka, wati 8. Mikanda miwili ikiwa imefunguliwa mwisho, wati 15. Kamera 5. Laptopu 30, na hapo nimeihurumia. Jumla ni wati 58, mara saa nane ni wati-saa 464. Namba zako halisi zitatofautiana, kwa hiyo nunua ile mita ndogo ya wati inayokaa katikati ya waya, uiache ihesabu usiku mzima. Ni kifaa kidogo, lakini kitakuamulia ukubwa wa betri kuliko mimi.

Umeona kilicho kikubwa kwenye orodha hiyo? Laptopu peke yake inakula zaidi ya nusu. Kabla hujabeba kilo zaidi za betri, fikiria kompyuta ndogo ya bodi moja kama Raspberry Pi, inayokaa palepale kwenye darubini na kula wati 5 hadi 8, huku wewe ukiitazama kwa simu au tableti. Mikanda ya joto nayo inahitaji kidhibiti. Lenzi haitakiwi kuwa moto, inatakiwa iwe na joto kidogo tu kuliko hewa inayoizunguka ili umande usitue. Ukipasha kupita kiasi unaharibu picha kwa hewa inayochezacheza mbele ya lenzi. Usiku mwingi nusu ya nguvu inatosha. Kwa hayo mawili tu, wati 58 zinashuka hadi karibu 29, na hitaji la usiku kuwa wati-saa 230 hivi. Nusu ya mzigo imeondoka na hujanunua betri yoyote.

Tuje kwenye mapendekezo uliyopewa.

Pawabenki ya 30,000 mAh: zile ampea-saa 30 zimehesabiwa kwa volti 3.7 za seli za ndani, si kwa 5 wala 12. Mara 3.7 ni wati-saa 111, na ikishapandishwa volti hadi 12 utapata mia moja au pungufu. Kwa vyombo vyako vyote ni chini ya saa mbili. Tena nyingi hujizima zenyewe zikihisi mzigo mdogo, kwa kuwa zimeundwa kudhani simu imejaa. Ni nzuri kwa kamera peke yake, au kwa mtu mwenye kifuatilia-nyota kidogo cha kubeba mgongoni. Kama unasafiri kwa ndege, ujue pia kwamba mpaka wa kawaida wa betri ya lithiamu ya akiba ni wati-saa 100 bila kuomba ruhusa, kati ya 100 na 160 kwa ruhusa ya shirika la ndege, na daima kwenye begi la mkononi. Hiyo ya 111 itakuweka kwenye maulizo.

Betri kavu ya ampea-saa 40: kwenye karatasi ni wati-saa 480. Lakini hii nayo ni betri ya risasi, na ya risasi ukiizoesha kushuka chini ya nusu unaifupishia maisha, kwa hiyo ihesabu kuwa na 240. Kwenye baridi ya nyuzi sifuri hupungua tena kama sehemu moja kwa tano. Uzito wake ni kilo 13 hivi. Si betri mbaya, na kwa anayefanya kazi karibu na gari ni ya kutumainika, mradi iwe ya aina ya kutumika kwa kina, yaani ya kutoa umeme polepole kwa saa nyingi, na si ya kuwashia injini. Hii ya gari uliyonayo ni kizazi cha uvumbuzi wa Gaston Planté wa mwaka 1859, imetengenezwa kwa sahani nyembamba ili isukume umeme mwingi kwa sekunde chache na kujazwa tena mara moja. Kuivuta polepole usiku kucha, safari baada ya safari, ndiyo namna ya haraka ya kuiua.

Kuchomeka kwenye gari unalosafiria, hapana. Uko peke yako gizani, mbali na watu, na kitu pekee kitakachokurudisha nyumbani ndicho unachokinyonya. Sioni picha inayostahili hilo.

Sanduku la umeme lina sifa yake: kila kitu kiko ndani, na mtu asiyetaka kushika waya atalishukuru. Angalia mambo machache kabla ya kulichukua. Tundu lake la volti 12 liwe limedhibitiwa, yaani libaki kwenye volti zilezile hata chaji ikipungua, na liwe linatoa ampea za kutosha. Liwe na tundu la USB-C la wati 60 hadi 100 ili laptopu ichajiwe moja kwa moja. Zile soketi za ukutani usizitumie, hata kama ndizo zilizokuvutia. Inveta inapandisha umeme wa betri kuwa wa ukutani, kisha chaja ya laptopu inaushusha tena, na kila hatua inakula. Inveta yenyewe ikiwa imewashwa tu, bila mzigo, inakunywa wati kadhaa saa zote, na feni yake inaweza kuanza kuvuma. Uliza pia seli za ndani ni lithiamu gani, maana hapo ndipo ninapotaka kukupeleka.

Wewe umesema huogopi bisibisi. Basi ningekuwa wewe, ningenunua betri ya lithiamu-chuma fosfeti, ile iliyoandikwa LiFePO4 au LFP, ya volti 12.8. Si lithiamu ileile ya simu. Inabeba umeme kidogo kuliko hiyo kwa kila kilo, lakini ni tulivu zaidi, haishiki moto kwa urahisi, na hustahimili kujazwa na kutumiwa mara elfu mbili au zaidi. Unaweza kutumia asilimia 80 hadi 100 ya kilichomo bila kuiumiza. Na kwa mtambo wako ina sifa moja kubwa kuliko zote: karibu muda wote wa kutumika hukaa kwenye volti 13 hivi, tofauti na ya risasi inayoteremka polepole usiku kucha. Mota ile inayolia itapata saa kumi usiku karibu umeme uleule iliyoupata saa mbili.

Ukubwa: ya ampea-saa 50 ina wati-saa 640. Inatosha vyombo vyako vyote kama vilivyo leo, laptopu ikiwemo, na akiba kidogo juu, kwa uzito wa kilo sita hivi. Ukipunguza mzigo kama nilivyosema, ya ampea-saa 30, yaani wati-saa 384, inakupa usiku mzima na kubakiza. Ndiyo maana nakusihi upime kwanza. Tofauti ya hizo mbili ni mgongo wako kila unapoibeba. Laptopu uitilie umeme kwa kigeuzi cha volti 12 kwenda USB-C, au chaja ya laptopu ya gari, bila inveta.

Sasa tabia zake ambazo muuzaji huenda asikuambie. Kwa kuwa volti zake hazishuki, mita ya volti haiwezi kukuambia imebaki kiasi gani. Itasoma 13.2 na 13.1 kwa saa nyingi, halafu mwishoni inaporomoka, na kilinzi cha ndani kinakata umeme ghafla kama swichi. Hakuna onyo la taa kupepesa. Kinachohesabu vizuri ni mita ya ampea-saa, inayojumlisha kilichotoka, na hiyo mita ndogo niliyokutajia inaifanya kazi hiyo. Chaja nayo iwe ya LiFePO4, ya volti 14.4 hadi 14.6. Chaja za risasi zenye hatua ya kufufua sahani hupandisha volti mno, zisiiguse. Ikitoka kwenye chaja inaweza kusoma juu ya 13.5 kwa muda, kwa hiyo soma lebo ya mtambo na kamera ujue volti ya juu zinayokubali. Na kama unakokwenda kuna baridi kali: kutoa umeme chini ya nyuzi sifuri inaweza, lakini kuichaji chini ya sifuri huharibu seli kabisa. Ukirudi alfajiri, iache ndani ipate joto kwanza ndipo uichaji.

Kuhusu fyuzi sitaki mjadala. Betri ya lithiamu ikigusanishwa chanya na hasi inamwaga ampea nyingi kuliko waya wowote ulionao unavyoweza kubeba, na waya huo unakuwa mwekundu kabla hujapata nafasi ya kushangaa. Fyuzi ya ampea 10 ikae kwenye waya wa chanya, sentimita chache tu kutoka kwenye kichwa cha betri, si huko mwisho karibu na darubini. Vichwa vyote viwili viwe na vifuniko, kwa sababu utakuwa unashika spana na bisibisi gizani na taa nyekundu kichwani. Sanduku la plastiki lenye kifuniko, betri imekazwa isicheze, tundu moja la kutolea umeme, fyuzi ndani: hiyo ni kazi ya mchana mmoja kwa mtu mwenye mikono kama yako. Ukiunganisha plagi ya mtambo, pima kwanza chanya iko wapi. Plagi nyingi za duara zina chanya katikati, lakini kuna zenye tundu la milimita 2.1 na zenye 2.5, na ya 2.5 ikiingizwa kwenye pini ya 2.1 inaonekana imekaa sawasawa huku inagusa na kuachia kila mota inapotikisika. Nimeona mitambo ikilaumiwa bure kwa kosa hilo la nusu milimita.

Mpangilio wa kununua uwe hivi: waya mnene, viunganishi, fyuzi na mita kwanza, uvifunge kwenye betri ya gari uliyonayo. Fanya kile kipimo cha mahali pawili, kisha acha mita ihesabu usiku mmoja kamili. Huenda darubini ikatulia papo hapo, nawe ukapata nafasi ya kutafuta betri nzuri bila presha. Vyote hivyo utavihamishia kwenye ile mpya, hakuna kitakachotupwa.

Msimu wa mawingu ukifika na darubini ikakaa kabatini, LiFePO4 iweke ikiwa na nusu ya chaji, mahali pakavu na pasipo na joto, uiangalie kila baada ya miezi michache. Ile ya gari ifanyie kinyume: ijaze kabisa na uijaze tena kila mwezi, kwa sababu betri ya risasi ikiachwa tupu sahani zake huota ukoko wa salfeti, na ukikomaa hautoki.